Kumi na Moja, Kibaigwa

Nyemo kaja na karatasi iliyokunjwa mara nne,
kaitupa mezani kati ya risasi ya kulehemu
na redio ya Mama Chilewa iliyogoma tangu Jumatatu.
"Sita, tatu, mbili," kasema. "Zimepangwa mstari mmoja.
Nimejumlisha, kumi na moja.
Mwalimu Malogo kaniwekea kosa, wala hakueleza."

Nje, lori la mahindi lilikuwa linarudi nyuma,
utingo akigonga bati: twende, twende, simama.

Nikatazama mchoro.
Rezista tatu, foleni ya zahanati,
kushoto A, kulia B.
Lakini juu ya vichwa vyao waya umeruka kutoka A,
ukawapita wawili, ukatua mbele ya wa tatu;
na chini waya mwingine umetambaa kutoka B,
ukarudi nyuma, ukaibukia mgongoni mwa wa kwanza.

"Na hizi nyaya?"
"Nilidhani mapambo."

Sina kalamu za rangi. Nina rangi ya kucha,
chupa imebaki robo, nyekundu, ya harusi ya Mbeho.
Anza A, nikamwambia. Paka waya wote.
Ukipinda, pinda nao. Ukiruka, ruka nao.
Usinyanyue brashi mpaka ugonge rezista.
Hapo simama, kama lori.
Waya mtupu hauna umbali, mdogo wangu.
Hata ukiuchora uzunguke Kongwa yote
urudi kwa njia ya Pandambili,
ni mahali pamoja tu, pametandazwa.

Kisha B, kwa kalamu yako ya bluu.

Akapaka, ulimi nje,
vile vile alivyokuwa akifunga kamba za ndama.
Halafu kimya. Halafu:
"Dada. Kila mmoja ana nyekundu huku na bluu huku."
Ehe.
"Ila huyu wa kati kageuka."
Kageuka. Kwake mkondo unatoka kulia kwenda kushoto
na wala haoni aibu.

Unakumbuka njia za mbuzi wa baba?
Moja ya korongoni,
moja iliyokata mtama wa watu, tukala fimbo,
moja ya kuzunguka kilima, ya waoga, yaani yako.
Hakuna mbili zilizokwenda bega kwa bega.
Lakini lango lilikuwa moja
na lambo lilikuwa moja.
Hiyo ndiyo sambamba.
Reli za Kintinku zinalala ubavu kwa ubavu hadi macho yachoke,
usizilete hapa. Neno lenyewe lina ujanja wake.

"Na mfululizo?"
Gunia likitoka mzani pale sokoni linakwenda wapi?
"Geti la ushuru."
Lina pengine pa kwenda?
Akafikiri, maana huyu ni mtoto wa Kibaigwa.
"Kuna kichochoro, nyuma ya kwa Lameki."
Basi kama kuna kichochoro si mfululizo.
Mfululizo ni pale katikati hapana mtu wa tatu anayegusa.

Sudusi. Thuluthi. Nusu.
Akazijumlisha kwa vidole kwenye vumbi la meza,
ikatoka nzima.
Igeuze, nikasema.
"Moja ukiigeuza ni moja."
Ndiyo.
"Omu moja? Basi nilikaribia."
Ulizidisha kumi.

Akacheka hadi utingo akachungulia dirishani.
Kisha, kabla sijamzuia,
akaikunja ile karatasi mara nne kama ilivyokuja,
rangi ikiwa bado mbichi,
akatoka mbio kumwonyesha Malogo.

Nimeshika tena redio ya Mama Chilewa
na ninawaza atakapoifungua:
nyekundu imegusa bluu, A imekumbatia B,
rezista zote tatu zimelowa upande huu na huu,
na mwalimu, miwani puani,
akitafuta omu hata moja
asiione.