Godoro kwenye Keria

Karani wa mizigo, stesheni ya Tabora,
alipima baiskeli, akaandika stakabadhi,
halafu akalitazama godoro.
"Na hili? Unahama?"
Nikasema naenda kupanda jiwe.
Akaandika: vyombo vya nyumbani.

Treni ya saa nne usiku ikaja saa nane.
Goweko tukashuka mimi, Foniksi yangu,
na mama mmoja mwenye jogoo kikapuni.
Taa ya behewa la mwisho ikamezwa na miyombo,
nikabaki na sauti ya mnyororo.

Kilomita kumi na nne, mchanga mtupu.
Mchanga wa Unyamwezi hautaki haraka:
unashuka, unasukuma, unapanda, unashuka tena,
na godoro nyuma, limefungwa kwa mpira wa tairi,
linavutana na upepo
kama mtoto anayegoma kwenda shule.

Kulipopambazuka, wanawake waendao kisimani walinipisha.
Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini,
"Amekupiga?"
"Nani?"
"Aliyekufanya ubebe kitanda usiku."
Nilicheka; yeye hakucheka.
Alinichotea maji kwa kata, akasema
nyumba ya dada yake ina chumba.

Saa mbili ndipo nikaliona:
jiwe limekaa peke yake
kama ng'ombe aliyekataa kuswagwa,
urefu wake nyumba na nusu.
Nikatandika godoro,
nikasaga vipande vya chaki vya Kidato cha Pili B,
nikapaka viganja.

Mara ya kwanza niliteleza. Ya pili, vilevile.
Ya tano goti likapata kidonda na vidole vikapata ufa,
ufa mwembamba, pa vidole viwili tu,
ule niliouota tangu Januari.
Ndani mkavuma.

"Shuka taratibu, mwalimu," akasema Lushinge, mrina asali,
ambaye sikujua amekaa pale tangu lini.
"Huo ufa una wenyewe."

Nikashuka.
Nyuki watatu wakanisindikiza,
kwa adabu, mpaka chini.

Sasa ni jioni, niko stesheni, treni haijulikani.
Nimelala juu ya vyombo vya nyumbani,
viganja vinawaka,
na kichwani narudia: upande wa kaskazini
kuna ukingo mmoja sijaugusa.
Tarehe kumi na tano tunafunga shule.
Nikipita kisimani
nitamweleza yule dada ukweli,
au nitaomba kile chumba.