Mvumo

Ameifungua fyuzi ya kauri, nyeupe kama jino,
akaitia mfukoni mwa aproni ya mamaye.
"Kaa nayo, Mama. Hata nikiiomba kwa hasira,
usinipe mpaka nishuke ngazini."
Ndivyo alivyofunzwa na marehemu baba:
umeme hauna shemeji.

Nje ni Lahti, saa kumi, na usiku umekwisha kuketi.
Jua la Desemba huku huchungulia tu,
kama mdai aliyekosea nyumba.
Jikoni kuna tochi kwenye paji la uso wa Raili
na harufu ya viazi vibichi. Mama anamenya gizani.
Kwake giza si habari.
Presha ya macho ilianza na la kushoto, la kulia likafuata,
na bado maganda yake ni membamba
kuliko ya mtu yeyote anayeona.

Kifuniko kinashuka na nzi wakavu wa miaka hamsini.
Mirija miwili, mita moja na ushei,
ncha zimeungua, nyeusi ti.
Raili anaishusha kama anayepokea mtoto mchanga,
maana ndani mna zebaki,
na zebaki haiombwi radhi.
Stata inazungushwa robo, inatoka.
Kisha balasti,
tofali la chuma na shaba,
na ubavuni mwandiko wa penseli: Urho, Mei 1974.
Baba aliandika jina lake mahali asipolisoma mtu.

Hapa anasita, testa kinywani.
Kuna mirija ya LED inayokubali kukaa nyumba moja na balasti,
unabadilisha stata, basi.
Lakini balasti kongwe hula umeme bila jasho,
na bili inalipwa na pensheni ya mjane.
Koleo. Kata.
Waya wa moto hapa, nyutro hapa,
wa ardhi ubaki palepale alipoufunga Urho.
Anavuta kila waya mara mbili.
Mwisho anabandika stika: Usitie mrija wa zamani humu,
kwa ajili ya fundi ambaye huenda hajazaliwa.

"Fyuzi, Mama."
Inatoka mfukoni na joto la paja.

Swichi.
Hakuna tena kule kupepesa kope mara tatu kabla ya kuamka.
Mwanga umekuja mzimamzima
na jiko likaumbuka: mafuta juu ya kabati,
ufa wa sinki, mishipa ya ile mikono juu ya viazi.
Raili anacheka peke yake.

"Mbona huwashi?"
"Nimeshawasha, Mama."
"Hujawasha. Haivumi."

Miaka sita Raili amekuja kila Jumamosi
akaikuta taa inawaka mchana kutwa,
akaizima, akamsomea mama bili kwa sauti ya mwalimu,
akiamini mama anasahau.
Kumbe mama alikuwa anaisikiliza.
Kwa mvumo ule alijua meza iko wapi,
mlango uko wapi,
na kwamba jiko halijalala.

Kisu anakipata, hakijasogea.
Lakini mkono mwingine umeshika ukingo wa meza
kama wa abiria aliyeshushwa kwenye stesheni asiyoijua.

Ukumbini kuna taa nyingine, ya mwaka uleule.
Boksi la pili la LED liko mlangoni, limefungwa bado.
Raili analitazama,
kisha analisukuma kwa kidole cha mguu mpaka chini ya makoti,
anakwenda kuiwasha ile ya zamani.
Inapepesa. Inapepesa tena. Inaanza kunung'unika.

Mkono wa mama unaacha meza.

Anaporudi anaweka balasti kati ya maganda,
anamwongoza mama kidole mpaka penye penseli,
ingawa penseli haina mwinuko wa kupapaswa.
Mama anaibeba, anaipima mkononi kama samaki wa sokoni.
"Nzito hivi," anasema,
"na sote tulikuwa tunakula chini yake?"