Kikao cha Saa Nane Sikuhudhuria

Kwenye beji waliniandika Bwana Subilaga.
Nikacheka, nikaivaa hivyohivyo,
kamba ya kijani shingoni kama mbuzi wa mnada,
nikaketi safu ya tatu, nyuma ya wanunuzi wa nta,
na mkobani sampuli arobaini za vifuniko:
vya rangi ya dhahabu, vyeupe, vya kumshinda mtoto.
Siku mbili njiani kutoka Mbeya
kuja kuwauzia vifuniko watu wa asali.

Hadi saa saba mnyororo wa thamani
ulikuwa umetuzunguka mara sita.
Wali, kuku, soda. Feni ikigawa usingizi.
Nikatoka kama anayekwenda msalani
na sikurudi.

Mihambo ana pikipiki nyekundu na kofia ngumu moja.
Akanivika mimi.
"Nusu siku, mama? Tabora haiishi nusu siku.
Lakini panda."

Boma la Mjerumani tuliliona kwa chini:
kuta nene, kilima kifupi,
na askari kijana aliyenyoosha kiganja,
picha hapana.
Basi nikalipiga kwa macho,
na macho hayatunzi vizuri:
leo nalikumbuka la rangi ya chai,
juzi lilikuwa la rangi ya mkate.

Kwihara, tembe jekundu, mlango una kufuli.
Mwenye ufunguo kaenda msibani Itetemia.
Tukachungulia kwa zamu.
Nikaona kivuli cha kichwa changu
juu ya sakafu walikolala wageni wa zamani
wakisubiri barua, dawa, shanga.
Hata wao, nikawaza, walikuwa safari ya kikazi.

"Dodoma mji mkuu wa serikali,"
Mihambo akasema, akipiga kiki,
"Dar mji mkuu wa pesa.
Hapa palikuwa mji mkuu wa miguu."
Babu wa babu yake alibeba pembe mpaka pwani,
akarudi na kaniki moja na kikohozi.
Sikuwa na la kujibu.
Mkoba wangu haukufika kilo mbili
na nilikuwa nimeulalamikia tangu asubuhi.

Stesheni hakukuwa na treni.
Ndivyo nilivyopenda: reli peke yake,
ikiachana taratibu, bila kelele,
huku Kigoma, huku Mwanza,
kama ndugu waliogawana shamba
na bado wanasalimiana.
Nikanunua matobolwa ya mia tano.
Magumu kama deni. Ukiyavumilia,
utamu unakuja kutoka nyuma ya jino.

Sokoni, Kalunde anauza asali
katika chupa za kila ukoo:
za maji, za konyagi, moja ya dawa ya kifua.
Nikamfungulia mkoba.
Akavipanga vifuniko kimojakimoja
kama anayehesabu meno ya mwanawe,
akauliza bei, akaiuliza tena,
akavirudisha.
"Vizuri, dada. Lakini mteja wangu hafungi.
Anafungua."
Akacheka, akaniwekea chupa ya konyagi,
mdomo kaubana kwa kipande cha gunzi
na nta juu yake, akaibonyeza kwa dole gumba.
Alama ya dole ilibaki pale kama mhuri.

Nilimlipa. Nilisahau kuomba risiti.

Usiku, chumba namba kumi na mbili,
asali ilipata njia yake.
Ikapita kwenye ratiba, kwenye maazimio kumi na manane,
kwenye hotuba ya mgeni rasmi ukurasa wa nne,
ikatuama juu ya cheti cha ushiriki
walichokigawa asubuhi kabla watu hawajatoroka:
cha Bwana Subilaga.
Vifuniko vyote arobaini vilikuwa vikavu.

Kulipokucha sisimizi walikuwa wameshapanga mstari
kutoka dirishani hadi mezani,
wengine wakienda, wengine wakirudi,
kila mmoja na mzigo unaompita kimo.
Sikuwafukuza.
Nilikaa kitandani, kiatu kimoja mguuni,
nikawatazama wakihudhuria.