Ukigusa, Umecheza

Ngome moja nyeusi ilikuwa kizibo cha chupa ya asali.
Ya kweli ilipotea zamani,
labda kwenye mfuko wa mtoto aliyehamia Urambo.
"Kizibo ni ngome," akasema mwamuzi, Mwalimu Sizya,
"na asiyekubali arudi kwao."
Hakuna aliyerudi.

Bwalo la shule, Tabora, Jumamosi ya Agosti.
Meza zinanuka maharage ya jana.
Mbele yangu Ntahondi, miaka kumi na mitatu,
kateremka alfajiri na treni ya Kigoma,
kitenge cha mamaye bado kiko begani,
macho mekundu kwa usiku wa kuhesabu vituo.

Nilimdharau. Naungama hapa, si kwingine.
Alianza kama anayepanga migebuka kichanjani,
mmoja mmoja, vichwa upande mmoja,
nami nikirukaruka na farasi wangu,
bingwa wa Isevya nzima.

Kisha migebuka ikawa ukuta.

Saa yangu dakika nne, yake tisa.
Nikauona mwanya. Malkia, hatua mbili, kwisha.
Lakini kidole kikaitangulia akili,
kikatua juu ya kichwa cha askofu,
kikaruka kama kimegusa jiko.

Sweta nimerithi kwa dada,
mikono mirefu, inaficha hadi kucha.
Mwalimu Sizya alikuwa anafuta miwani.
Ntahondi aliona. Najua aliona,
maana mguu wake uliacha kutikisika chini ya meza.
Hakusema neno. Alitazama kizibo.

Nilihesabu upya, mara tatu,
kama mkulima anavyohesabu marobota ya tumbaku
mbele ya karani asiyemwamini.
Askofu hakuwa na pa kwenda pa maana.

Nikamsogeza askofu.

Usidhani moyo ulitulia. Uliniuma kama siafu,
na nikamchukia Ntahondi kwa ukimya wake
kuliko ningemchukia kwa kelele.
Kizibo kikateremka safu nzima,
kikasimama uso kwa uso na mfalme wangu.
"Shaha," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Baadaye, bombani, tunanawa.
"Malkia ungemaliza," akasema.
"Najua."
"Na mimi najua."
Maji yakawa membamba, yakakatika.
Akaifuta mikono kwenye kitenge,
akaitazama sweta yangu juu hadi chini.
"Mwakani," akasema, "ikunje."