Alama

Wuppertal, kiwanda cha bawaba.
Wakili Dörte Kallweit ananifunza kupunguza watu kwa haki:
umri una alama, miaka ya kazi ina alama,
mtoto, alama; ulemavu, alama.
Mwenye chache hutangulia mlangoni.

Usiandike "samahani", ananionya,
samahani hugeuka ushahidi.
Barua iwe ya karatasi, sahihi ya wino.

Henrik Brockhoff, fundi wa zamu ya usiku,
hana mke, hana mtoto;
ana mama asiyeona, ghorofa ya nne,
na jedwali halina safu ya ngazi.

Na mama yake?
"Hayumo." Akafunika kalamu.

Jina langu lina alama sitini na nane.
Ndilo nililolitafuta kwanza,
kabla hata sijavua koti.