Vidole Viwili

Mimi ni mpasuaji wa Ipu, ukingo wa mashariki wa Nile.
Mkato wangu ni mmoja: ubavu wa kushoto,
upana wa kiganja, kwa jiwe jeusi lenye makali.
Kisha nakimbia.

Ndiyo desturi. Aliyeujeruhi mwili wa marehemu
hufukuzwa na wafiwa kwa mawe na matusi,
ingawa wao ndio waliomwita,
ingawa ujira wake, gunia la shayiri na mtungi wa bia,
umekwisha kupimwa na unamngoja nyuma ya hema.
Wengi hurusha kokoto, wakitazama pembeni.

Pediese hakurusha kokoto.
Mwaka ule nilipompasua mama yake
alitupa jiwe kama mtu anayetupa jiwe.
Kidole changu cha kati kilivunjika kifundoni,
kikaunga vibaya, kimepinda mpaka leo
kama funjo lililokaliwa na korongo.

Sasa Pediese ndiye aliyelala mezani.
Magadi yamemnyonya siku arobaini, amekuwa mwepesi kama kapu.
Mji wetu ni mdogo: anayekata ndiye anayefunga sanda.

Mkewe Irtiru ameleta mfuko wa kitani,
ameuweka sakafuni, si mkononi mwangu.

Alikuwa fundi wa hirizi, huyu.
Alikanda mchanga na majivu na kutu ya shaba,
akauchoma udongo ule ukatoka buluu, buluu ya mapambazuko,
na hakuna maiti wa Ipu aliyeshuka kaburini
bila kazi ya mikono yake.
Lakini Jicho la Horus alilojibakizia lina ufa.
“Mazima aliyauza,” anasema Irtiru.
Mganga hajigangi.
Nalilaza juu ya mkato hata hivyo. Jicho lenyewe
liling'olewa katika ugomvi wa urithi, likarudishwa vipande vipande;
ufa si aibu kwake.

Shingoni, shina la mafunjo la kijani, ili shingo ibaki mbichi.
Chini yake uti wa mgongo wa Osiris,
mungu aliyekatwakatwa na bado akasimama.
Fundo la Isis, jekundu, damu ya mama:
hili Irtiru analibusu kwanza, nami nasubiri.

Kisha dundu.
Watoto humcheka akisukuma mavi njiani,
na kumbe ndiye anayelisukuma jua.
Namweka juu ya moyo, tumbo chini,
kwa sababu moyo, ukipandishwa mizani mbele ya unyoya,
una tabia ya kusema yote.
Dundu huulalia mdomo.

Nilidhani mfuko umekwisha.
Ndani kabisa, katika kitambaa chenye harufu ya tanuri,
vidole viwili vya jiwe jeusi.
Kila fundi huvichonga: vidole vya Anubis, watu husema,
vinavyobaki juu ya kidonda ili kidonda kisahau kisu.
Vimenyooka siku zote, kama vya mungu.

Hivi, cha kati kimepinda kifundoni.
Hata ukucha uliopasuka ameuchonga.

“Hivyo hakuviuza,” anasema Irtiru. “Alivichonga
mwaka tulipomzika mama yake. Nilimuuliza ni vya nani.
Alisema, nipishe mwanga.”

Nimeweka mkono wangu kando ya jiwe. Irtiru ameona.
Hakusema neno, wala mimi.
Nje, wanawe wanabishana juu ya bei ya jeneza.

Nimevilaza ubavuni, karibu na Jicho,
mahali nilipoingilia.
Sijui kama ni radhi anayoiomba
au kama anataka tu kwenda na deni lake mkononi, akalilipe huko.
Moyo wake nimeuziba kwa dundu, kama inavyotakiwa.
Kidole hakuna aliyekiziba.

Nikamwomba Irtiru kitani kingine.
Safari hii akanipa mkononi.