Kiwi

Taa ile niliinunua kwa kujigamba.
Muuzaji, kule nyuma ya soko la Malindi, alisema,
"Ukiiwasha Muyeye, Mambrui wanaamka,"
nami nikacheka, nikahesabu noti, nikaifunga usukanini
ikitazama mbele moja kwa moja
kama mtoto asiyefunzwa kuinamisha macho.

Saa kumi na nusu alfajiri. Kreti ya mikate kwenye karia,
matairi yanasaga kokoto za matumbawe,
njia nyembamba: huku ukuta wa hoteli iliyofungwa,
huku mtaro na michongoma.
Niliona kila kitu. Kifuniko cha soda, macho ya paka,
kamba ya viatu isiyo na kiatu.
Nilimwona Nyevu na sufuria ya mbaazi kichwani,
nikaiona leso yake hadi herufi za jina,
nikauona mkono ukipanda kujikinga
na mguu ukitafuta ardhi, ukaikosa.

Sufuria iliita mara tatu mtaroni.

Hakutukana. Laiti angetukana.
Alikaa ukingoni, mbaazi zimemjaa mapajani, moto bado,
akaniuliza, akitazama pembeni kidogo ya pale nilipo,
"We nani?"
Mimi! Ninayempa mkate kwa mkopo tangu mwaka juzi,
mimi Kahindi, tunayepanga ndoo kwenye bomba moja.
Hapo nikajua: nyuma ya mwanga ule sikuwa na uso.
Nilikuwa naona kwa macho yangu, na ya kwake pia.

Jioni nikaenda kwa fundi Shebwana.
Hakunipa waadhi. Alizima balbu ya kibanda,
akazimulika taa zake ukutani, moja moja.
Ya kwanza ilitupa duara, likapanda hadi kwenye makuti.
Ya pili ilipepesa, ikapepesa, hadi meno yakaniuma.
"Hii ya mnadani," akasema, akairudisha kwenye boksi.
Ya tatu ndogo, kioo chake kina mistari kama kucha ya mzee,
ikatandika nuru chini kama mkeka,
na juu ukingo mnyoofu, maji yaliyotulia kwenye glasi.
Juu ya ukingo ule, giza limeachiwa wenyewe.

"Usivuke kiuno cha mtu," akasema.
"Na upime ukiwa na mzigo. Kreti ikikaa nyuma
pua ya taa hupanda, wewe hujui."
Nikasema, lakini haifiki mbali.
"Kwani waenda wapi? Si Maweni?"

Ile kubwa nimeitundika chooni. Mende wanaiheshimu.

Siku hizi naona hatua kumi na tano,
mwendo wa mikate hautaki zaidi.
Kwenye mkeka wangu miguu ndiyo hutangulia:
ndara, buti za askari anayetoka zamu,
kwato za mbuzi aliyekata kamba.
Mtu hukamilika polepole, kutoka chini kwenda juu,
na kichwa hukimalizia kwa sauti.
Juzi ilikuja miguu miwili, goti moja lina kovu la waridi.
Nilipiga kengele, nikashika breki,
nikashusha mguu chini mapema kuliko ilivyohitajika.

"Kahindi," giza likasema,
"mkate mmoja. Na sufuria yangu bado nakudai."